Diploma Katikati ya Malori

Jana malori ya madini yaliziba barabara ya Kapata, tukazima injini. Mama mmoja anayeuza karanga kati ya magari alisimama akitazama simu yake. Ana wajukuu, lakini mwaka huu alifanya mtihani wa kumaliza sekondari. Ghafla akapiga kelele: "Nimepata diplome!"

"Poudre iko wapi?" akauliza dereva wetu. Kwetu, anayefaulu humwagiwa poda kichwani.

Abiria mmoja akafungua mfuko wake wa unga wa ugali. "Mi niko na bunga ya bukari."

"Na batoto batakula nini, tata?" akauliza mama.

"Batakula kesho. Inama!"

Akainama, akainuka mweupe hadi nyusi, akicheka. Mbele njia ikafunguka, lakini hakuna gari lililoondoka. Honi zote zililia, na hakuna hata moja iliyomtaka mtu apishe.