Swali la Mlango wa Jikoni

Kila mwaka kituoni wakimkumbuka mume wangu, askari wao, yule fundi cherehani hukaa benchi la mbele akalia kunizidi mimi mjane. Roho huniuma, sifichi. Mume wangu alichomwa kisu nyumbani kwa fundi huyo, alipokwenda kumwokoa na kipigo cha mumewe mlevi.

Miaka kumi na tisa nilimfulia magwanda na kumwekea chakula hadi kikapoa, maana mji mzima ulimwita kabla yangu. Aliamua ugomvi wa kila nyumba isipokuwa wetu. Wetu aliukimbia kwa kuvaa kofia. Akifika mlangoni hugeuka, swali ni lile lile: "Mama watoto, umefunga mlango wa jikoni?" Nami humjibu, "Nimefunga, nenda zako."

Mwaka huu uvumilivu ulinishinda. Nilimvaa fundi pale pale, kikombe cha chai mkononi.

"Wee fundi, machozi yote hayo ya nini? Mfiwa nani hapa?"

Akainama. "Dada yangu, alikata roho mikononi mwangu. Macho yalikuwa hayaoni tena, akadhani mimi ni wewe. Akaniuliza kama nimefunga mlango wa jikoni."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nimefunga."

Watu wanasema nimshukuru. Nitamshukuru, siku moja. Lakini jibu lile lilikuwa langu. Jioni ile alipouliza akitoka, nilikuwa nimenuna. Sikumjibu.