Inabaki Mikono Tu

Siku aliporudi Uvira kwa mama yake, mke wangu aliniachia sharti moja: "Mi siishi tena mu valizi. Siku utakuwa na kabati, uniite." Tulikuwa tumekimbilia Bujumbura pamoja kwa sababu ya vurugu za kwetu, na mwaka mzima nguo zetu zilikaa katika valizi moja chini ya kitanda, zikinuka ukungu. Kwetu kulipotulia, yeye akavuka mpaka kurudi Uvira. Mimi nikabaki Bwiza, mtaa wetu pale Bujumbura, maana nilikuwa nimepata kazi ya kupanga herufi katika kiwanda cha kuchapa. Hatukugombana. Tulikubaliana kabati kwanza, halafu yeye. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, na mimi nilidhani kila jambo linaweza kupangwa hivyo.

Kabati lenyewe halikuchelewa. Fundi seremala wa Cibitoke alilitengeneza kwa mbao za libuyu, milango miwili, upande wangu na upande wake, likaletwa kwangu kabla mvua hazijaanza. Vilivyochelewa ni vyuma vyake. Fundi alikuwa ametia bawaba za chuma cha kawaida, na mlango wa upande wa mke wangu ulining'inia kidogo, labda upana wa ukucha. Mtu anayepanga herufi kutwa nzima hawezi kuvumilia kitu kilichopinda. Nikamwambia atazing'oa nikishapata nyingine.

"Mlango unafunguka, unafungika," fundi alisema. "Unataka nini ingine?"

Nilitaka bawaba za shaba, na mikono ya shaba ya kufanana nazo. Mikono ndivyo mafundi na wauza vyuma walivyoita vile vishikio vya kuvutia mlango, nami nikalichukua neno lao. Kila Jumamosi mchana nilikwenda mtaa wa Asiatique, kwenye duka la Mwarabu mmoja mpole aliyekuwa akivihifadhi katika masanduku ya mbao. Kulikuwa na mikono ya pete, ya upinde, na ya kirungu cheupe kama yai. Niliishika mmoja mmoja, nikiivuta hewani kana kwamba kuna mlango mbele yangu. Ya pete ilipiga kelele. Ya kirungu ingemteleza mtu mwenye mafuta mkononi. Ya upinde ilikuwa mizuri, lakini skrubu zake hazikulingana vichwa.

"Bwana," mwenye duka alinitania Jumamosi ya nne au ya tano, "unachagua mukono ao unachagua muchumba?"

Nilicheka naye. Nikarudi nyumbani mikono mitupu, nikala peke yangu, nikafungua upande wangu wa kabati kwa ncha ya kisu.

Wiki moja nilipata bawaba, nikaona nimekaribia mwisho, nikataka mke wangu ajue. Mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kupanga maneno ya watu, langu nililituma kwa mdomo. Kulikuwa na mama muuza mawese aliyekuwa akivuka mpaka kila wiki, jirani ya mama mkwe wangu. Nikamwambia, "Umwambie kabati iko tayari, inabaki mikono tu."

Sijui njiani neno lilipungua wapi. Lilipofika Uvira, neno kabati lilikuwa limeanguka, yakabaki haya: nyumba yake iko tayari, inakosa mikono tu. Mwenzangu akasikia anaitwa akafue, apige deki, asonge bugali. Nami nilikuwa nimeshinda na mafundi hadi nikasahau kwamba watu wengine wote wana mikono ya namna moja tu.

Juma lililofuata mama wa mawese alisimama mlangoni kwangu, akakataa kuketi. Nadhani alilifurahia jibu alilobeba.

"Anasema hivi: kama ni mikono unakosa, utafute boyi."

Nilielewa papo hapo kosa liko wapi. Mstari mmoja wa barua ungetosha, na Uvira si mbali. Mtu huondoka asubuhi akala huko chakula cha mchana. Lakini nilinuna. Nilijiambia, mtu aliyelala nami chini ya turubai moja tulipokimbia anaweza kunifikiria hivyo? Basi atajua mwenyewe akiliona kabati. Nikarudi Asiatique nikachagua kwa ukali zaidi, kana kwamba mkono mzuri kupita yote ndio utakaomjibu.

Zikapita wiki, kisha miezi. Sitaficha: nilikuwa mpweke, na upweke wenyewe ulikuwa mbaya zaidi Jumapili mchana, jirani zangu wakitoka kanisani na watoto wao, ua mzima ukinuka vitunguu vya kukaangwa. Niliketi kitandani nikitazama mlango wa upande wake. Nyuma yake hamkuwa na kitu, hata gazeti la kutandika. Mara mbili nilianza barua, na mara mbili nikaona mwandiko haukukaa sawa, nikachana.

Mwishoni nilichukua ile ya upinde, ile ile niliyoikataa mwanzo, na fundi akaja akaifunga pamoja na bawaba mpya. Milango ikafungika bila sauti. Asubuhi yake nikavuka.

Mama mkwe alinipa kiti uani, akaingia ndani kutuachia nafasi. Nikamweleza mke wangu kila kitu: fundi, shaba, vichwa vya skrubu, neno lilivyopotea njiani. Aliposikia "mikono ya kabati" alicheka hadi akajifuta macho kwa kitenge. Nami nikacheka. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kufikiria jinsi ya kubeba mizigo yake.

Kisha akaniuliza, "Ile siku ulipata neno langu la boyi, ulikasirika?"

"Nilikasirika sana."

"Ndiyo vile nilikuwa nataka. Nilikutumia lile neno ili ukuje tugombane. Nilijua haiko mbali. Nikasema atakuja wiki hii, atanigombeza, halafu tutaenda. Nilifunga hata nguo. Nilikaa mu valizi tena, hapa kwa mama. Wiki tatu. Halafu nikazitoa."

"Kabati sasa iko sawa," nilisema. Mungu anisamehe, hilo ndilo nililoweza kusema.

"Najua. We ukifanya kitu, inakuwa sawa." Hakulisema kwa ubaya. "Lakini mi nimeshazoea hapa."

Nilibembeleza hadi jua likageuka. Alinisikiliza kwa adabu, akaniletea maji, akaniuliza habari za kazi. Wakati wa kuondoka alinisindikiza hadi barabarani, akanipa mkono kama anavyoagwa mgeni.