Kazi ni ya Mwenye Pombe

Odilia Mayorga alikuwa amechoka kabla jua halijauvuka mto Telire. Mgongo ulimuuma kwa kusaga mahindi ya pombe aliyoombwa na kaka yake, Eladio, kwa ajili ya watu wa kumsaidia kazi. Hakuuliza kazi gani. Kwao Wabribri, wenyeji wa asili wa bonde lile, anayetaka mikono ya majirani huwanywesha pombe ya mahindi. Na Eladio, aliyefiwa na mkewe, angemwendea nani kama si dada yake?

Wanaume walikuwa wameshamaliza vibuyu vya kwanza alipomwona mmoja wao ameegemea msumeno wa mashine. Akatazama nyuma ya nyumba, kwenye miti mirefu iliyoifunika mikakao yake, akaelewa.

Shamba lile lilikuwa la ukoo wa mama yao, na kwa Wabribri ardhi hupitia kwa wanawake. Odilia na wenzake wa kikundi cha wanawake walilichukua likiwa limekufa: mfanyabiashara wa ndizi alikuwa amelitumia mpaka likaisha, akaacha mifuko ya plastiki yenye dawa ya wadudu, na watoto wenye vipele. Wanawake wakarudisha majani udongoni, wakachimba makinga maji, wakapanda kakao, mahindi, mihogo na miti ya kivuli pamoja, kama bibi zao walivyopanda. Wageni walikuja kuona kazi yao, wakapiga picha, wakaondoka bila kung'oa gugu hata moja. Maafisa walihutubia kuhusu kuwawezesha wenyeji, huku malori ya sumu yakipita mbele ya ofisi zao bila kuulizwa yanakokwenda. Hasira ya Odilia juu ya mambo hayo ilikuwa imechoka kama mgongo wake, ila haikuwa imelala.

"Eladio, msumeno wa nini?"

"Miti michache tu, dada. Yule bwana wa ndizi amerudi, anataka jua kwa migomba yake, na analipa."

"Anataka jua au anataka shamba?"

Eladio akatazama vidole vya miguu yake. Alisema kwa sauti ya chini kwamba watoto wake hawawezi kwenda shule kwa kusifiwa na wageni.

Cipriano Layan, jirani ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, akaingilia kati. "Mama Odilia, mtamalizana jioni. Sisi tumekuja kunywa na kufanya kazi, tena kwa mpangilio huohuo."

Wenzake wakacheka. Odilia akangoja wanyamaze.

"Mmekunywa pombe ya nani?"

"Ya Eladio."

"Mahindi yametoka shamba la nani? Aliyesaga ni nani?"

Cipriano akachungulia ndani ya kibuyu chake kana kwamba jibu limebaki chini. Hakuna aliyehitaji kuelezwa: kazi ni ya mwenye pombe, na aliyekwisha kunywa hawezi kumgeuzia panga aliyemnywesha.

"Eladio, ndugu yangu," Cipriano akasema, "si ungechemsha pombe yako mwenyewe, hata kama ni maji matupu?"

Basi siku nzima wakafukua makinga maji yaliyojaa matope na kutandaza majani makavu kwenye mashina ya mikakao. Msumeno ulilala ukutani. Eladio naye alifanya kazi, peke yake, upande wa mtoni.

Jioni alikuja kumuaga. Alimwambia bila ugomvi kwamba wiki ijayo atamwomba Marcelina, mke wa Cipriano, ampikie pombe ya kazi. Odilia angeona afadhali kama kaka yake angefoka. Marcelina alikuwa mwanakikundi. Aliacha kuja shambani wageni walipoacha kuja, na hakuna aliyekwenda kumuuliza kwa nini, Odilia akiwa wa kwanza kutokwenda.

Alitamani kulala. Badala yake alimimina pombe iliyobaki kwenye kibuyu, akakifunika kwa jani, akashika njia ya kwa Cipriano, akisimama kila mara kunyoosha mgongo.

Marcelina alikuwa jikoni akimenya ndizi. Alikipokea kibuyu kwa mikono miwili, akakiinua, kisha akakishusha kabla hakijafika mdomoni.

"Ya kazi gani, dada?"

Hilo ndilo swali ambalo Odilia mwenyewe hakumuuliza Eladio. Akavuta kigoda, akakaa, kwa kuwa jibu lilikuwa refu, likianzia siku Marcelina alipoacha kuja shambani, na miguu ilikuwa imekataa kusimama.