Aliyesimama Hakatizwi

Nilikuwa na miaka kumi na minne, nilikuwa na sauti nzuri, na nilijua. Nasema mapema ili usidhani nilikuwa mtoto mnyenyekevu. Jumatatu ningehamia Kitale kwa mwalimu wa kwaya, nisome huko na kuimba naye, na nyumba nzima ilinifurahia isipokuwa dada yangu mkubwa. Yeye alisema neno moja tu, "Asiende," akaendelea kushona. Mama alipomuuliza sababu, alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Nikamwambia ana wivu. Na yeye aliwahi kuimba Kitale kwa mwalimu huyo miaka miwili, kisha akarudi kwetu Sirisia hata kanisani hafungui mdomo. Sisi tuliambiwa koo lilimharibikia.

Mwalimu huyo hakuwa mtu wa hivi hivi. Kwaya yake ilisikika redioni kila Jumapili asubuhi, na mkubwa yeyote wa serikali akija upande wetu, ni yeye aliyeitwa kumpokea kwa nyimbo. Kalenda yenye picha yake ilitundikwa ukutani kwetu, juu ya televisheni. Mwaka wa kalenda ulikuwa umeisha zamani, lakini mama alikataa kuitoa.

Televisheni yenyewe ilikuwa ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, na ilitumia betri ya gari. Miezi hiyo kulikuwa na mchezo mmoja wa kuigiza uliotushika wote, kila Jumapili saa kumi jioni. Ulimhusu mwimbaji maarufu, mzee mwenye mvi aliyependwa na nchi yake nzima, ambaye mama mmoja alijitokeza na kusema kwamba alimnajisi alipokuwa msichana. Kisha akajitokeza wa pili. Mchezo ulikuwa wa Kiingereza, na baba alimtafsiria mama palipokuwa pagumu.

Baba alikuwa naibu wa chifu mstaafu, na kustaafu hakukumkubali. Miaka mingi alikuwa ameamua kesi za mipaka na za ng'ombe walioingia shambani mwa watu. Basi mchezo ukiisha alizima televisheni kuokoa betri, akageuza kiti chake kitutazame, akafungua baraza. Sheria zilikuwa zile zile za kazini. Anayetaka kusema asimame, na akishasimama hakuna wa kumkatiza mpaka aketi mwenyewe. Jirani yetu, aliyekuja kutazama nasi kila Jumapili, aliwahi kusimama nusu saa akieleza ubaya wa suruali za wakili wa kwenye mchezo, na baba akamvumilia. Tulicheka, lakini tulifuata.

Jumapili ile mwalimu alikuja mwenyewe kutoka Kitale ili kesho yake anichukue. Mama alichinja jogoo. Baba alimpa firigisi, ambayo sijawahi kumwona akimpa mtu mwingine, na kiti chake cha mkono pia. Dada alileta maji ya kunawa. Alipofika kwa mwalimu aliweka jagi na karai mezani mbele yake, akaondoka bila kummiminia. Nilitamani ardhi ipasuke kwa aibu.

Siku hiyo wakili alikuwa akimbana yule mama wa kwenye mchezo. Miaka yote hiyo ulikuwa wapi? Mama wa watu alifungua mdomo, na kipindi kikaisha hapo hapo. Baba akazima.

Jirani alisimama kwanza. "Huyo ni mwongo, bana. Anaona mzee ako na pesa, ndiyo ati anakumbuka."

Nami nikasimama. Nilitaka mwalimu aone anachukua mtoto wa namna gani. "Kama ni kweli," nilisema, "si angepiga kelele siku hiyo hiyo?"

Mwalimu alipiga makofi. "Huyu mtoto ana akili," akasema, na mimi nikaketi nikiwa nimevimba kichwa.

Dada alikuwa tayari amesimama, karibu na mlango wa jikoni, mikono imeshika kitambaa cha kupangusia vyombo.

"Hakupiga kelele kwa sababu hakuna mtu angesikia," alisema. "Stoo ya ngoma iko nyuma ya kanisa, na mlango wake ni wa chuma."

Kwenye mchezo hakukuwa na stoo ya ngoma wala kanisa. Nilitaka kumsahihisha, lakini sheria ni sheria, nikauma ulimi. Kisha nikamtazama mwalimu, nikaona jasho limemtoka puani.

"Ufunguo alikuwa nao yeye peke yake. Aliniambia nibaki nikunje majoho. Nilikuwa na miaka kumi na tano."

Mwalimu aliinuka. "Mzee, huyu msichana anachanganya mambo. Wacha nieleze."

Baba alikuwa akiitazama kalenda. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu niliona wazi kwamba angeweza kumwambia dada anyamaze, na kwamba sehemu fulani yake ilitaka hivyo.

"Mwalimu, keti," baba alisema.

"Mzee, si unanijua? Miaka yote hii..."

"Keti. Aliyesimama hajaketi."

Dada alisema yote. Sitayaandika hapa, ni yake. Hakulia, wala hakupandisha sauti, na alipomaliza hakuketi. Alibaki amesimama akimwangalia mwalimu, na maadamu alisimama, hakuna aliyeruhusiwa neno. Tulisikia kuku wakirudi bandani. Mwishowe mwalimu alichukua kofia yake akatoka bila kuaga, na hakuna aliyemsindikiza.

Baba aliburuta kile kiti cha mkono mpaka kwenye mlango wa jikoni. "Keti sasa, mama," alimwambia. Ndivyo alivyotuita sisi mabinti zake alipotupenda sana. Dada akaketi, na sasa kila mtu alikuwa huru kusema. Mimi ndiye niliyepaswa kusimama. Sikusimama.

Wiki hiyo baba alikwenda na dada Kitale, polisi, na yaliyofuata yalichukua miaka. Ninachokumbuka mimi ni Jumatatu asubuhi, sanduku langu likiwa bado mlangoni limefungwa kamba. Dada alichuchumaa akaifungua, akaanza kutoa nguo zangu moja moja na kuzirudisha mahali pake.

"Nisamehe kwa lile la kelele," nilimwambia.

Alikunja sketi yangu ya kwaya, akaikunjua, akaikunja tena.

"Hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo," alisema. "Kila siku."