Jembe la Mkimbiaji

Namshukuru Mungu kwamba leo naweza kulisimulia jambo hili nikicheka, maana siku lilipotokea mpini wa jembe uliniponyoka mbele ya kijiji kizima.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya Ujamaa, nasi tulikuwa tumehamia karibu na Kintinku. Mungu alinijalia sauti. Watu wa redio walikuja kurekodi kwaya yetu, na tangu wimbo ule usikike nchi nzima, wageni walikuja kanisani kunitazama mimi kuliko kumsikiliza mchungaji. Nilitubu mara nyingi, kwa sababu nilifurahi.

Wanaume wawili walinitaka, nao walijulikana kuliko mimi. Mmoja alikuwa mpiga zeze. Sherehe ya mkoa bila yeye haikuwa sherehe. Mwingine alikuwa mkimbiaji aliyekwisha kukimbia ng'ambo amevaa fulana ya taifa. Mkimbiaji alikuwa mkimya. Mpiga zeze alinichekesha, na moyo wangu ulikuwa kwake.

Kwetu mshenga akija kuposa aliacha jembe jipya. Binti akilimia jembe lile mbele ya watu, amekubali; asipotaka, linarudishwa. Washenga wa wote wawili walifika juma moja. Baba hakutaka kumkosea mgeni, akayapokea yote mawili, akaniambia nisali kwanza. La mpiga zeze likawekwa nyuma ya mlango, la mkimbiaji kando ya kihenge cha nafaka humo ndani. Nilisali siku tatu, ingawa kusema kweli jibu nilikuwa nalo tayari.

Siku ya nne tulikwenda shamba la kijiji. Nikalibeba jembe la nyuma ya mlango, naimba njia nzima. Kila mtu akapimiwa ngwe yake ya kulima. Nikainua, nikapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Amelima! Jamani, amelima!" alipaza sauti mzee mmoja, ngwe ya tatu kutoka yangu. Alikuwa mshenga wa mkimbiaji. "Jembe hilo nimelitia mpini mwenyewe! Tazameni alama ya moto!"

Nikatazama. Alama ilikuwepo, nyeusi kabisa. Kumbe alfajiri Mama alifagia nyumba, akayarudisha majembe bila kuangalia lipi lilikuwa wapi.

Wanawake wakapiga vigelegele. "Wifi, utamuweza yule? Ukibandika mboga jikoni, yeye keshafika Singida Mjini na kurudi!" Nilisema nimekosea, nikarudia, hakuna aliyenisikia.

Mchana akaja mpiga zeze kuwaburudisha wakulima. Habari zilikwisha kumfikia. Nikamkimbilia, lakini kabla sijafungua kinywa akaanza kupiga. Akaimba juu ya binti wa kanisani anayempigia Mungu magoti huku jicho lake liko kwenye fulana ya taifa. Watu walicheka hadi wakaacha kulima.

"Kaka, nisikilize. Nimekosea jembe. Nilitaka lako."

"Ngoja kwanza," akasema, bado anapiga. "Wimbo huu mtamu. Watu wa redio wataupenda."

Nikarudi kwenye ngwe yangu, macho yamejaa machozi.

Alasiri mkimbiaji akafika kwa baiskeli. Alimwamkia Baba, akawaamkia wazee, kisha akasimama mbele yangu. "Dada, ulijua kwamba ni langu?"

"Nyamaza wewe!" mshenga wake akamkemea. "Jembe limeshalimiwa!"

"Nakuheshimu, mzee, lakini namuuliza yeye."

Nilitamani kudanganya. Nikasema, "Sikujua. Nilidhani ni la mwenzako."

Akatikisa kichwa polepole, akawageukia watu. "Amekosea jembe. Hajanikubali, wala hana deni kwangu. Tafadhali, asiimbwe tena." Akaiendea baiskeli yake.

Ee Mungu, mwenzake aliniimba watu wanicheke, huyu akanistiri! Katika sala zangu za siku tatu zote nilimwambia Mungu ninachotaka, sikumuuliza kitu.

"Baba! Mzuie mshenga asiondoke!"

"Mshenga yupi, mwanangu? Sema sawasawa, kijiji kinasikia."

"Wa huyu, Baba! Wa mkimbiaji!"

Kelele zilizolipuka pale ziliwatimua ng'ombe waliokuwa wakila majani bondeni. Mkimbiaji alibaki ameshika usukani, anahema kama mtu aliyemaliza mbio.