Mwenye Uchungu Juu ya Jeneza la Msikiti

Sifa zote zimwendee Mwenyezi Mungu, anayeteremsha mvua kwa kipimo. Kwa nini kipimo cha mwaka ule kilinifika hadi kitandani, ni Yeye ajuaye. Mimi nilishukuru, nikapandisha godoro juu ya kabati.

Hapa mtaani kwetu Muyeye tulikuwa tumekwisha kugawana kila kilichobaki kikavu. Jiko la gesi la nyumba moja lilipikia mtaa mzima, na sufuria kubwa ya pilau ya msikiti, ambayo mimi ndiye mtunzaji wake, iligeuka chombo cha kuvushia watoto. Mapacha wa jirani walipita mlangoni kwangu wamekaa ndani yake, kama nyama inayongoja mchele.

Asubuhi moja mke wa fundi wa mawe, wa familia ya Wakristo waliohamia kwetu kutoka Jilore, alishikwa na uchungu. Kliniki walikuwa wamemwonya: mtoto ametanguliza miguu, asithubutu kuzalia nyumbani. Na maji yalifika kiunoni. Tuktuk haingii, pikipiki haingii. Mumewe akanijia.

"Mzee, msikitini hamna kitu cha kumbebea?"

Kilikuwapo. Jeneza letu, lile la mbao lililo wazi, la kubebea maiti begani, lilikuwa limetundikwa juu ukutani, kavu, halina kazi.

Mama mkwe alipoliona akapiga ukelele. "Uchuro huo! Mjukuu wangu aje duniani kwa jeneza?"

"Mama, nyamaza," akasema mwenye tumbo. "Au wataka nizae majini kama kiboko wa mto Sabaki? Nipandisheni!"

Tulimlaza, tukamfunika nailoni kwa sababu ya mvua, tukaingia begani wanaume wanne, mimi na magoti yangu haya nikiwemo, mama mkwe akitufuata kwa mbali. Tulipoifikia barabara ya lami tulikuwa hoi. Nilikuwa nikiomba dua ambazo huombewa anayebebwa, si anayebeba.

Sasa, huku kwetu jeneza likipita, mwanamume hakai. Huinuka, hupokea bega, hutembea kidogo kwa ajili ya thawabu, kisha humpisha mwingine. Wanaume waliojikinga mvua kwenye baraza la duka wakatuona. Wakaacha kahawa yao, wakaja na nyuso za msiba, wakatupokea. Mimi nikawapisha. Mungu ameniletea mabega, niyakosoe?

Mmoja akauliza kwa upole, "Marehemu ni nani?"

Nailoni ikajibu, "Marehemu ni babako! Tembea, mtoto ananiua!"

Yule bwana akaachilia mkono. Jeneza likalala upande, mume akalidaka, nami nikamtaja Mwenyezi Mungu mara nyingi kuliko nilivyomtaja Ramadhani nzima. Nikadhani watakimbia. Walisimama, wakatazamana, mmoja akaangua kicheko, wakarudi begani. Na hapo ndipo walipokimbia kweli, jeneza likiwa juu yao.

"Mzee," akaniuliza yule aliyeachilia, akihema, "thawabu yake ni ile ile?"

"Beba kwanza, utauliza tukifika."

"Tukifika wapi?"

"Hospitali, inshallah. Usitupeleke mbele zaidi."

Langoni askari alivua kofia, akatuonyesha kwa heshima njia ya nyuma, ya chumba cha maiti. Mgonjwa wetu akaketi wima, nailoni ikaanguka.

"Huko nyuma utanizalisha wewe?"

Sijawahi kuona lango la serikali likifunguka upesi namna ile.

Madaktari walimpasua, akatoka mtoto wa kike mzima, mwenye sauti ya mamake. Mama mkwe alikuja nje kutupa habari. Akawatazama wale wanaume waliolowa chepechepe, ambao hakuwajua hata jina, na bado walikuwa wamengoja. Akalia. Kisha akajifuta kwa leso, akanigeukia.

"Na hilo dude lenu liondoeni mlangoni, linatisha wagonjwa."

Nawe unayesoma, Mungu akujaalie majirani wepesi wa bega, akuepushie maji ya kitandani, na siku yako ya kubebwa ukiwa huna la kujibu, aicheleweshe sana. Amin.