Kilima cha Mama Jukwaani

Katika familia yetu anayeshika makaa ya kuchorea ni mama. Sisi wengine tunashika brashi. Ndivyo ilivyokuwa nilipokuwa mtoto Kaloleni, na ndivyo ilivyo hata sasa baada ya kuolewa na kuhamia Kware, kwenye ghorofa ambako huwezi kutandaza leso bila kumkanyaga mtu. Kwa hiyo watoto wa kanisa wakiandaa mchezo wao, mimi na binti yangu tunarudi kwa mama Jumamosi, tunatandaza mashuka kwenye nyasi mbele ya nyumba, na tunachora mandhari ya jukwaa.

Mashuka ni ya mitumba. Mama huyaunga kwa cherehani. Kisha tunayapaka uji mwembamba wa unga wa ngano ili yasinywe rangi yote. Mwaka mmoja tuliingia ndani kunywa chai kabla uji haujakauka, kuku wa jirani wakaidonoa Bethlehemu ikabaki na matundu. Siku hizi chai tunainywea nje. Rangi ni mabaki ya majirani waliopaka nyumba zao, ndiyo maana Misri yetu ni ya krimu, na Babeli pia. Na nyuma ya Misri na Babeli hukosi kilima kimoja chenye miamba, kilima cha kwao mama huko magharibi. Nimeshamwambia kwamba Farao hakuwa na kilima kile. Akanijibu, "Wewe ulimtembelea lini?"

Agosti iliyopita mchezo ulikuwa wa mwana mpotevu. Mama alifunga kipande cha makaa kwenye ncha ya fimbo ya ufagio ili achore akiwa amesimama, akaanza na kilima. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Kwenye kikombe cha chai tulikuwa tumezoea kujifanya hatuoni. Kwenye fimbo ndefu haikufichika: mstari ulipanda ukitikisika, ukashuka ukitikisika, toka ukingo mmoja wa shuka hadi mwingine.

Akaishusha fimbo.

"Hii mkono imekataa," akasema, akampa binti yangu fimbo. "Futa hiyo kitu, uchore yako. Mimi nimemaliza."

Nilijua hakuwa akizungumzia kilima peke yake. Niliogopa. Mama bila makaa sikuwa nimewahi kumwona, na nikamwona tayari kwenye kiti chake cha plastiki, akituangalia tukifanya kazi mpaka Mungu amwite. Nilitaka kumtia moyo, lakini mimi nikishikwa na huzuni hutoa amri, kwa hiyo nikamwambia aende akapumzike. Akaenda. Hilo lilinitisha zaidi, kwa sababu mama hajawahi kunitii.

Binti yangu alipiga magoti, akauangalia ule mstari. Nikampa kitambaa cha kufutia.

"Zi, mum," akakataa. "Hii mimi sigusi."

Akachukua brashi, akapaka kijani mpaka palepale makaa yalipopita, akifuata kila mtikisiko. Sikubishana naye. Nilikuwa na krimu yangu ya kupaka kwenye nyumba ya baba yake mwana mpotevu.

Siku ya mchezo mandhari ilitundikwa ukumbini. Mama hukagua kazi akiwa kwenye benchi la nyuma kabisa, maana anasema huko ndiko wanakokaa wenye macho mabovu, na mandhari ni yao. Safari hii hakutaka kuja. Nilimbembeleza mpaka akachoka kunisikiliza, akavaa viatu. Tukakaa watatu. Mwana akadai urithi wake, akaondoka kwa mbwembwe. Mama hakumtazama. Alikuwa akitazama juu ya paa la nyumba, pale kilima kilipokutana na anga. Kwa mbali ule mtikisiko wote ulikuwa umegeuka miti, mikubwa na midogo, imesongamana kileleni, na ungeapa kwamba upepo unaipitia.

"Umeniweza," akamnong'oneza mjukuu wake. "Miaka yote kilima yangu ni kipara. Hiyo miti umetoa wapi?"

"Si mimi, shosho. Hiyo ni line yako. Sikufuta."

Mwana mpotevu akala maganda pamoja na nguruwe, akarudi nyumbani, akakumbatiwa, ukumbi mzima ukapiga makofi, na mama bado yuko kilimani. Machozi yalimtiririka wazi wazi. Mimi nilikuwa na furaha mpaka nikampigia makofi nguruwe.

"Nilikwambia ufute," mama akasema mwishowe, kwa ukali. "Huyu mtoto hasikii."

Jumatatu nilimpigia simu kumjulia hali. Akaniambia nipige baadaye, mkono wake una makaa.